Robo Saa ya Mama Viti

Pale ukumbini kwenye chanjo, kila mtu alimwita Mama Viti. Alikuwa fundi cherehani aliyefunga duka lake wiki ile ili ajitolee, na kazi aliyopewa ni kufuta viti na kuwaambia waliochomwa sindano, "Kaa hapo robo saa. Ukisikia kizunguzungu sema, utakaa tena." Kutwa aliwakalisha watu, yeye mwenyewe kukaa hakujui. Miguu ilimwaka moto, na bado bwana mmoja alimfokea eti kiti kimelowa. Mama Viti akakifuta upya.

Jioni, foleni ilipokwisha, nesi alimkumbuka. "Mama Viti, na wewe hujachanjwa! Njoo."

Sindano hata hakuisikia. Alichosikia ni kiti. Mgongo ulipogusa plastiki ile, aliguna kama mtu aliyetua mzigo kichwani. Nyumbani mama mkwe alikuwa akingoja kuogeshwa, watoto wakingoja kupikiwa, na mume akingoja kupewa pole ya kazi, kana kwamba yeye ndiye aliyeshinda wima. Hapa palikuwa na sheria ya kumlazimisha akae, na wala hakuitunga yeye.

Robo saa ikayeyuka. Nesi akaja, macho mekundu kwa uchovu. "Haya, unajisikiaje?"

Mama Viti akautazama mlango. "Kizunguzungu," akasema, bila hata kupepesa macho.

Nesi akavuta kiti cha pili, akaketi, akavua viatu.

"Hata mimi," akasema, "kimenishika."