Mayai ya Kobe Ndani ya Mashine ya Kuku

Kuna watu wakistaafu hununua mbuzi. Mimi nilichimba bwawa. Nilikuwa nimefanya kazi ya fundi wa umeme zaidi ya miaka thelathini, nikipanda nguzo na kutambaa kwenye dari za watu kutoka Embu mjini hadi Maua, na nilipoacha kazi nilikuwa na hakika kwamba hakuna kitu duniani kingenishinda kutengeneza. Bwawa lenyewe liko upande wa Mbeere, kwenye shamba letu la chini karibu na mto, mwendo wa saa moja na nusu kwa pikipiki kutoka nyumbani kwetu Manyatta. Nilitandika plastiki nyeusi chini na kando ili maji yasinywewe na udongo, nikapanda nyanya, nikawaambia majirani wanaolima muguka, ile miraa ya kwetu, kwamba sasa wataona kilimo.

Jambo ambalo sikulifikiria ni kwamba plastiki ile huteleza. Kitu kikitumbukia hakitoki. Asubuhi moja nilimkuta kobe wa mtoni ndani ya bwawa, mkubwa kama sufuria ya chai, akiogelea hadi ukingoni, akikwaruza kwa kucha, akiteleza na kurudi majini. Alikuwa amechoka. Kila akijaribu alipanda kidogo kuliko mara iliyotangulia.

Nilianza kueleza jinsi ya kuunda ngazi ya mbao. Mama mmoja wa huko Mbeere, anayenisaidia kwenye nyanya siku tatu kwa wiki, hakungoja nimalize. Alichukua gunia kuukuu, akafunga ncha moja kwenye mti, akatia jiwe ncha ya pili na kulitupa majini. Kobe akalikumbatia gunia, akapanda. Tukamtoa salama, na mama akambeba kuelekea mtoni. Kabla hajaondoka aliniambia kwamba kobe wa majini haachi mto bure. Akitoka, ni kutaga mayai, kwa hiyo niangalie ninapochimba.

Mimi na kuambiwa! Nilikuwa na mtaro wa kumalizia kando ya bwawa, na jembe likaendelea kama kawaida. Mara nikahisi limepita kwenye kitu laini. Niliinama, nikafukua kwa mikono. Mayai kumi na manne, marefu kidogo, ganda lake kama ngozi. Moja nilikuwa nimelikata katikati.

Mama aliporudi alitazama shimo, kisha akanitazama mimi.

"Mzee, si tuyafukie tu hapo kando? Kwa shimo kama hilo la kobe."

Nikamwambia hapana, haya yataanguliwa kisayansi. Nyumbani nilikuwa na mashine ya kuangulia vifaranga niliyoiunda mwenyewe kwa friji iliyokufa, balbu, na feni ndogo. Nusu ya kuku wa Manyatta walizaliwa humo, na sikuchoka kuwakumbusha wenye kuku. Nilipanga mayai kumi na matatu kwenye trei, nikayafunga kwa leso, nikapanda pikipiki. Mama alibaki amesimama na jembe langu mkononi.

Mke wangu aliniuliza kama sasa nimeamua kumletea nyoka nyumbani. Nikamwonyesha ni kobe, nikayaingiza ndani ya mashine, nikaweka joto la kuku. Mchana nikayageuza. Jioni nikayageuza tena, kwa maana kuku mwenyewe hugeuza mayai yake kwa mdomo kutwa nzima, na anayefuga kuku bila kujua hilo hana la kutuambia. Nililala usingizi mzuri wa mtu aliyetenda wema.

Kulipokucha niliyageuza mara ya tatu, nikapiga picha, nikamtumia rafiki yangu wa Meru mjini. Huyu ni Mwislamu mwenye malori, nilimwekea stima dukani miaka mingi iliyopita, na tangu hapo kazi yetu ni kutambiana. Nilitaka anisifu. Badala yake aliituma picha kwa mama yake mzazi huko Pwani, na hata robo saa haikuisha simu yangu ikalia, namba nisiyoijua.

Sauti ilikuwa ya mwanamke mzee, na Kiswahili chake kilikuwa safi hata nikajikuta nimesimama wima, kama mwanafunzi mbele ya mkaguzi. Alinisalimu kwa kirefu, akaniuliza habari za wa nyumbani, akanieleza kwamba yeye na wanawake wenzake hulinda mayai ya kasa ufuoni mwao, na hunasua kasa waliokwama nyavuni au kutupwa mchangani na mawimbi. Kisha akauliza alichopigia simu.

"Mwanangu, umeyageuza?"

"Mara tatu, mama," nikasema kwa fahari.

Akamtaja Mungu kwanza.

"Usiyageuze tena. Ya kuku na haya ni mbali mbali."

Alinifafanulia taratibu. Mtoto wa kasa, na wa kobe pia, hujishikiza kwa ndani, upande wa juu wa ganda, mapema sana, na hapo ndipo anapokaa hadi atoke. Ukimgeuza baada ya kujishikiza, unamuua humo humo ndani. Na joto la kuku litampika. Akauliza yalitagwa lini. Nikasema nadhani usiku wa kuamkia jana. Akasema basi huenda bado tumewahi, Mungu ni mwema, niizime mashine sasa hivi.

Niliizima. Nilikuwa nimeua viumbe kwa jembe, halafu nikawaua tena kwa ujuzi, na aliyeniambia la kufanya nilikuwa nimemwacha shambani kama mtu asiyejua kitu. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu hakukawia njiani. Yule bibi lazima alisikia ninavyopumua, maana aliongeza neno ambalo namshukuru kwalo mpaka leo. Alisema mwaka wao wa kwanza wa kulinda kasa, wao wenyewe walibeba mayai kwenye ndoo kama maembe, na hakuna hata moja lililoanguliwa. Angeweza kunitukana. Alichagua kuniambia kosa lake.

Nilitia alama ya penseli juu ya kila yai lilivyolala, nikayahamisha moja moja hadi kwenye sanduku la mchanga bila kuyapindua. Jirani akatupeleka kwa gari lake, mke wangu amepakata sanduku mapajani, akimfokea dereva kwa kila shimo la barabara.

Shambani tulimkuta yule mama. Alipima kina cha shimo la kwanza kwa kijiti, akachimba jingine kama hilo mahali palipoinuka, nami nikayashusha mayai, alama juu. Tulifunika kwa waya wa banda la kuku, kwa sababu kenge na nguchiro hawahitaji kualikwa. Bwawani nilining'iniza magunia manne yenye mawe, kila upande moja, ili yeyote atakayetumbukia apate njia ya kutoka.

Baada ya hapo goti langu liliharibika. Daktari akanikataza pikipiki, nikakaa Manyatta zaidi ya miezi miwili nikihesabu siku. Kila Ijumaa bibi wa Pwani alipiga simu kuuliza, nami nilimpigia yule mama wa Mbeere. Jibu lake lilikuwa moja. "Bado." Nilianza kujiambia yalikufa yote ndani ya friji yangu, na kwamba mama anaona haya kuniambia.

Asubuhi moja akanipigia yeye. "Mzee, wametoka."

Goti au si goti, nilipanda bodaboda. Nilipofika, shimo lilikuwa wazi, maganda yamejikunja, na alama ndogo ndogo zimekatiza mchanga hadi mtoni. Hapakuwa na kobe. Nilikasirika kama mtoto. Nilikuwa nimengoja siku zote zile, na wameondoka bila mimi.

Mama akafunua gunia bichi lililokuwa juu ya beseni. Ndani kulikuwa na mmoja, mkubwa kama kifuniko cha chupa ya soda.

"Watano wameenda wenyewe. Huyu nilimshika, nikamwambia angojee mwenye mayai yake."

Sita kati ya kumi na matatu. Nikamuuliza mchanga ulipata wapi unyevu na mvua ilikuwa imekataa kabisa. Akasema alikuwa akinyunyizia maji kidogo kila siku. Nikamkumbusha kwamba siku zake za kazi ni tatu. Akasema anajua. Jumapili alipitia hapo akitoka kanisani.

Bibi wa Pwani alikuwa ameagiza kwamba wasitiwe majini kwa mkono, watembee wenyewe. Kwa hiyo nilipiga magoti nikamweka mchangani, hatua chache kutoka mtoni. Alitulia kidogo, kisha akaenda, akianguka kwenye kila alama ya kiatu na kuinuka, hadi maji yakamchukua. Nililia. Sioni aibu kusema.

"Mama, nisamehe," nikamwambia. "Siku ile ulisema ukweli, na mimi nikakupita. Asante kwa hawa wote, na asante kwa huyu."

Nilisema hayo nikiwa bado nimepiga magoti, kwa sababu goti lilikuwa limekataa kuinuka. Akanishika mkono, akanivuta, akasema, "Polepole, mzee, hapo kuna matope."