Picha Moja ya Nyakio

Mzee wangu, Waithaka, amepiga watu picha hapa Bahati miaka arobaini, na ukimwambia picha yako imetoka na ukungu jibu lake ni lile lile: "Ulitingisika." Maharusi walitingisika, padri alitingisika, hata marehemu ndani ya jeneza nadhani angesema alitingisika. Kamera yake haikosei. Huyo mtu ana kiburi, mimi ndiye nimeishi nacho.

Tulikuwa na mtoto mmoja, Nyakio. Picha za watoto wa watu alipiga kila Jumapili. Za mtoto wake kila siku zilikuwa za kesho. Nyakio alipofika miaka sita ndipo baba yake akamsimamisha mbele ya seng'enge, jioni, mawingu yamefunga, filamu imebakisha picha moja. Ilipooshwa, uso ulikuwa kama uji. Akamchapa, eti amemharibia picha. Mtoto akalia kwamba alisimama. Miezi miwili baadaye homa ya uti wa mgongo ikamchukua, na hiyo ndiyo picha tuliyo nayo. Mpaka juzi mzee alikuwa akisema Nyakio mwenyewe ndiye aliyeiharibu.

Sasa, mwezi uliopita akaja Abby, msichana anayesomea upigaji picha Nakuru mjini. Siku hizi vijana wamerudia filamu, sijui wamerogwa na nani. Alitaka kununua ile kamera, lakini kwanza apime makali ya lenzi, aone kama inatoa picha safi. Waithaka akanuna. "Upime nini? Hiyo ni kamera ya Mjerumani." Nikamwambia amwache apime, kwani anaogopa nini?

Ile kamera ukichungulia unaona kitu kimoja mara mbili. Unazungusha lenzi mpaka viwili viwe kimoja, halafu unapiga. Abby akapanga chupa tano za soda kwa benchi, kila moja nyuma ya mwenzake, kwa mshazari. Akaweka kamera kwa stendi, akafungua tundu la lenzi lote, vile mtu hufanya mwanga ukiwa mdogo, akamwambia mzee alenge ya tatu. Akalenga vizuri, akapiga.

Wiki iliyofuata Abby akaleta picha. Chupa ya tatu ilikuwa ukungu mtupu. Ya tano, ile ya nyuma kabisa, ungesoma hata maandishi madogo.

"Lenzi ni kali sana, guka," akamwambia mzee. "Kinachokosea ni pale pa kulengea. Inashika kilicho nyuma. Mtu akiwa mbali na jua likiwa kali, huwezi kujua. Lakini jioni, na mtu yuko karibu, lazima iharibike."

Waithaka akaingia ndani, akarudi na picha ya Nyakio. Abby hakujua ni nani. "Ni hivyo hivyo," akasema. "Ona seng'enge, unahesabu miiba. Huyu mtoto hakutingisika. Angetingisika, uso ungevutika upande mmoja. Alisimama sawasawa."

Mzee wangu akakaa chini kwa nyasi. Hata siku ya mazishi sikumwona hivyo. Abby alipoenda, akaniambia, "Mama Nyakio, alisimama."

Miaka yote hii nimemchukia kwa kile kichapo, na nilitaka aumie. Mungu anisamehe, nilifurahi kidogo. Lakini sikuweza kumlaumu, kwa sababu siku ile baada ya kuchapwa Nyakio alinikimbilia jikoni, akanishika nguo, akaniambia alisimama, na mimi nikamwambia aache uongo.