Sahani ya Madamu

Juzi nilirudi Uvira baada ya miaka mingi, nikaenda moja kwa moja mtaa wa Mulongwe kutafuta nyumba ya Madamu, mwalimu wangu wa utotoni. Usinicheke, rafiki yangu. Nilijua fika kwamba mwenyewe sitamkuta. Nilitaka kuiona baraza yake tu. Mto wa hapo umeshafurika pale mara nyingi na kuacha mawe na mchanga. Mama mmoja alikuwa ameanika ndagala, dagaa wa ziwa letu, mahali ambapo, kwa kukisia kwangu, tulikuwa tukikaa mkekani kujifunza Kiingereza.

Kiingereza, ndiyo. Wabelgiji walikuwa wameondoka karibuni, na wazazi wetu, kwa furaha ya uhuru, walisema mtoto sasa asome lugha yoyote. Madamu kwao ni Bukoba, kwenye lile ziwa jingine. Aliolewa na mchuuzi wa kwetu, mtu wa safari zisizokwisha. Huko kwao alikuwa akifundisha watoto, lakini shule zetu zilitaka Kifaransa, basi akatukusanya sisi wadogo ambao hatujaanza shule. Tulihesabu bata wa jirani kwa Kiingereza mpaka bata wenyewe wakatuchoka. Kiswahili chake kilikuwa safi mno, tukamcheka, naye akacheka pamoja nasi. Tukishatawanyika, alibaki amesimama barazani akitazama njia.

Bibi yangu, aliyenilea, alimhurumia sana. Karibu kila mchana alipakua bugali ya muhogo, sombe ya majani ya muhogo na ndagala, akafunika sahani kwa kitambaa na kunituma. Sharti lilikuwa moja, na alilirudia kila siku: mgeni hali peke yake, kwa hiyo nikae nile naye.

Nilikaa, na nilikula. Tatizo ni kwamba Madamu hakula. Kwao alilelewa kwa ndizi, na bugali yetu ilimkwama kooni. Alimeza tonge moja kwa adabu, machozi yakamlengalenga. Aliona haya kukataa chakula cha watu waliompokea.

"Kula wewe, mwanangu," aliniambia siku ya kwanza, kwa sauti ya chini. "Ila usiondoke upesi."

Ikawa siri yetu. Nilimaliza sahani nzima, naye akanywa chai yake, akamenya ndizi mbivu, akinisimulia mvua za kwao na dada zake. Nusu ya maneno sikuyasikiliza, mdomo umejaa. Bibi alipoona sahani imerudi tupu, alifurahi na kesho yake akaongeza. Mimi nikanenepa. Madamu akakonda, na wanawake wa mtaa wakasema ni mawazo ya mume.

Mume mwenyewe alikuwa amekwenda kusini, upande wa Fizi, na uasi dhidi ya serikali ukazuka, ukafunga barabara nyuma yake. Masomo yakakoma. Kisha zikaja habari kwamba askari wa serikali wanashuka kutoka Luvungi, kaskazini, na vita vitapiganwa mjini. Watu wakaanza kupanda milimani. Bibi alifunga vyungu na mablanketi, lakini kabla ya kuondoka akapika, akanipa sahani kama kawaida.

"Weye, kula naye mbio mbio," alisema. "Kisha umuambie akuje. Tutapanda naye, tutakula naye kule juu."

Kula naye kule juu. Njia nzima niliwaza hilo tu. Nilimwona Madamu ameketi mbele ya bibi, tonge limemkwama, na bibi akigeuza macho polepole kunitazama mimi na mashavu yangu. Miezi yote ile ya ulafi ingejulikana kwa mlo mmoja. Sikuogopa askari hata kidogo, nilimwogopa bibi.

Madamu alikuwa barazani. Aliuliza kama na sisi tunakwenda. Nikasema ndiyo. Alingoja nikae kama siku zote. Niliiweka sahani chini, nikasema bibi ananingoja, nikakimbia.

"Kaa kidogo tu," alisema nyuma yangu. Sikugeuka.

Kwa bibi nilisema uongo kwa uso mkavu.

"Minye nimemuambia. Iko anangoja bwana yake."

Bibi alisimama kitambo akiuangalia upande wa Mulongwe, mzigo kichwani.

"Muntu na bwana yake, utafanya je?" alisema, tukaanza kupanda.

Tuliporudi, nyumba ilikuwa wazi na tupu. Wengine walisema alivuka ziwa, wengine kwamba alimfuata mumewe kusini. Hakuna aliyemwona kwa macho yake. Baadaye nami niliishi ugenini, nikafundisha watoto wa watu na kula peke yangu mchana baada ya mchana, na nilimkumbuka kwa aibu isiyopoa.

Bibi aliishi miaka mingi baada ya hapo. Kila Madamu alipotajwa, alikuwa akishusha pumzi na kunigeukia mimi, shahidi wake.

"Tulimuita, lakini," alisema.

Nami niliitikia.