Wajina wangu mlangoni

Leo nimemkataa mjukuu wangu mlangoni, na ndiye amepewa jina langu.

Juzi nilimeza dawa ya mionzi ya kutibu goita. Daktari akanionya nisikaribie watoto kwa muda, maana mionzi hutoka mwilini.

Mke wa mwanangu hakuwa na habari. Amefika kutoka Wamunyu, mtoto amefunikwa shuka kwa sababu ya vumbi.

"Mama, pokea Mwende wako."

Nikarudi nyuma. Nikamweleza nikiwa mbali, pale kwa mbuzi.

"Dawa umemeza wewe, itamfikia mtoto aje?"

Na kwetu mnajua: nyanya asipompokea mtoto, amesema si wa boma hili.

Mke wa mwanangu ameondoka akilia.

Sasa hivi mwanangu amepiga simu. "Mama, kwani umeona anafanana na nani?"

Jamani, hata uso wa mtoto sikuuona.