Solitoni Ambayo Mwita Hakuiona

Mwezi wa nne mwaka huu tulimzika mdogo wangu Mwita hapa Nyansurura. Alikuwa mwalimu wa fizikia. Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo, mwanangu, katika kazi yake nitasema yale tu aliyonieleza nikaelewa.

Siku inayonirudia ni ile aliyokuja likizo kutoka chuo kikuu, akisomea shahada ya juu, ile inayomfanya mtu aitwe Daktari. Tulikuwa tunapukuchua mahindi na marehemu baba yetu, ambaye ujanani alikuwa mfuata nyayo za ng'ombe walioibwa. Baba akamwuliza anafanya nini hasa huko.

Mwita akapanga magunzi kwenye mkeka: moja limeelekea juu, la pili chini, la tatu juu, hivyo hivyo hadi mwisho. Akasema ndani ya mawe fulani, madogo kama chembe za chumvi, kuna visumaku visivyoonekana vilivyojipanga mstari namna ile. Mahali fulani mpangilio unakosewa, majirani wawili wanaelekea upande mmoja. Kosa hilo halitulii. Linatembea mstarini bila kupoteza umbo lake, na kila linapopita, waliokuwa wakitazama juu wanaachwa wakitazama chini. Ndiyo solitoni. Yeye huweka jiwe katikati ya sumaku kubwa, analipigia mawimbi kama ya redio, kisha anasoma kwenye mashine jinsi linavyoitikia. Solitoni yenyewe haionekani. Hujulikana kwa jinsi ilivyovigeuza visumaku.

"Yaani umeenda mbali kote huko kutafuta kosa?" baba akasema. "Si ungebaki kwa kaka yako? Kwake yamejaa."

Tukacheka, ila Mwita alicheka kidogo tu. Akatuambia kuwa jiwe likiongezwa joto, alama kwenye mashine ilitakiwa ipanuke, dalili kwamba makosa yanapita kwa wingi. Jiwe moja lilifanya hivyo. Mengine mawili yalikataa. Nafasi yake ya kwenda kumalizia masomo nje ilikuwa inasubiri matokeo hayo. Akasema kwa sauti ya chini kwamba wengine walishaiona solitoni kwenye mawe ya aina ile ile, hivyo akiyaacha yale mawili bila kuyataja, hatakuwa amemdhulumu mtu.

Baba akaweka hindi chini.

"Mwita, nyayo za ng'ombe zikiingia kijiji cha watu, wao ndio wanaotakiwa kutuonyesha zilipotokea upande wa pili. Wakishindwa, wanalipa. Kwa hiyo neno la mfuata nyayo ni zito. Zikipotea kwenye mwamba, nasema zimepotea kwenye mwamba, hata kama ng'ombe ni wangu, hata kama wezi nawajua kwao. Wewe umeziona?"

"Kwenye jiwe moja, baba."

"Basi sema moja. Na mawili, sema mwamba."

Mwita alirudi chuoni akaandika yote matatu. Nafasi akapewa mwingine. Ufadhili ukaisha kabla hajajua kwa nini mawe yale yalikataa, na hakuwahi kujua. Shahada ile hakuimaliza. Akaja kufundisha sekondari Tarime. Mwanangu, sitakudanganya kwamba ukweli ulimlipa.

Siku ya maziko, fundi wa msalaba aliuliza aandike nini. Shemeji yetu kutoka Nyamongo akasema, "Andika Daktari. Mtaani wote tulimwita hivyo, na mwenyewe hawezi kubisha." Fundi akanigeukia mimi, mkubwa wa nyumba. Ghati, binti wa marehemu, naye alikuwa ananitazama. Nilijua angelipenda jina hilo.

Nikasema aandike Mwalimu.

Kisha nikamwambia Ghati maneno ambayo nakupa na wewe: "Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Ulichokiona, kiseme. Usichokiona, usikiseme, hata kama kipo, hata kama kila mtu anakingoja kutoka kwako. Huenda ukakosa ulichokitaka. Baba yako alikosa. Lakini hakuna aliyelipishwa bure kwa neno lake. Mungu akupe macho ya kuona, na akikunyima, akupe kinywa cha kusema hukuona. Uishi uzeeke."

Ghati alipiga magoti akaushika msalaba usitikisike, na fundi akaanza kuandika.