Lengalenga ya Udongo wa Porti

Rafiki yangu wa Murara, hapa Goma, amekufa, bapendwa wangu munaonisomaka hapa. Alikufa Ijumaa asubuhi, akiwa anafunga kitambaa ya kichwa ili aende misa. Daktari alisema ni moyo, na miye siko daktari, naamini vile. Lakini leo siandike juu ya moyo yake. Naandika juu ya shamba yake, maana ile shamba imekatala kunitoka mu kichwa. Nikilala naiona, nikiamuka nasikia harufu yake.

Murara, munajua, chini ni mawe ya volkano tu. Ukitaka kupanda hata kitunguu, lazima utafute udongo mbali, Kibati ao wapi, ulete mu mifuko. Na yeye alitokaka mu milima ya Masisi, mutoto wa balimaji. Ile mawe ilikuwa inamuliza. Alinambiaka: "Mama, kule kwetu ukiangusha mbegu, inaota mbele hujajua kama imeanguka. Hapa nikiangusha, inaruka kama mupira!" Tunacheka, tunacheka. Sasa mwaka moja mashini ilikuja ku porti ya ziwa kutoa matope chini ya maji, sababu mashua zilikuwa zinagusa chini. Ile matope waliimwaga pembeni, lundo kubwa, nyeusi, laini, inang'aa kama imepakwa mafuta. Batu ba mahali pengine wangeona uchafu. Siye batu ba mawe tuliona shamba. Rafiki yangu alitafuta mutu wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubeba mizigo, wakapanda nayo safari na safari, mpaka mawe yote ya parseli yake, uwanja wa nyumba, ikafunikwa.

Lengalenga yenye iliota pale, ile mboga bengine wanaitaka mchicha! Majani mapana kama sahani, majirani wanasimama ku njia kuangalia. Lakini mvua ikinyesha, maji yenye ilikuwa inatoka ku shamba ilikuwa na rangi rangi za mazuti, mafuta ya mashini, juu. Halafu siku moja, akiwa analima, jembe ikagonga kitu. Akaniita: "Mama, kuya uone maajabu!" Ilikuwa pile, betri ya radio, imeoza, inatoa maji meusi, na alama za meno bado zinaonekana. Munajua vile tunaumaka pile ikichoka, ili itoe nguvu ya mwisho? Zile alama zilikuwa na pengo katikati. Na bwana yake, mwenye alitangulia kufa, alikuwaka na pengo pale pale ya mbele, tena pile zake zikiisha alikuwa anazitupa ku ziwa, anasema maji inamezaka kila kitu. "Ona meno ya bwana yangu!" rafiki akasema. "Amerudi kuuliza chakula!" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye aliacha kucheka, miye ningali nacheka. Najua, bapengo ni bengi mu Goma. Lakini toka ile siku hakukula tena lengalenga yake, hakuuzisha, hakupatia mutu. Ikabakia kuota yenyewe, inaanguka, inaota tena, muzuri kabisa.

Sasa mu kilio, muke wa mutoto wake akafika kutoka muji wa Kiwanja, hajui kitu. Akaona batu bengi ba kulisha, akaona mboga mu parseli, akachuma, akapika sufuria kubwa. Nilipofika, bamama walikuwa tayari wanapakula bugali. Hapa kwetu, ukisema mu kilio "musikule", batu wanasikia neno moja tu: sumu. Na ule binti wangemumaliza. Basi nikamushika mukono, nikaongea na sauti ya kicheko: "Mukamwana, umepika vizuri, mukono yako haina kosa. Kosa iko mu udongo. Kuyeni wote niwaonyeshe kitu, marehemu angetaka." Nikakamata jembe, nikapiga katikati ya lengalenga. Harufu ya mazuti ikapanda, hata bazee wenye walikuwa wanasinzia wakainua vichwa. Nikawaelezea juu ya ile pile na meno. Bamama wakaweka sahani chini.

"Koko," binti akaniita kama bibi yake, akauliza polepole, "sasa hii mboga niitupe wapi?" Tukaangalia huku, mawe. Kule, mawe na ukuta wa jirani. Papa moja, mutu muzuri kabisa, akajibu bila kufikiri: "Si mupeleke ku ziwa?" Halafu akajisikia mwenyewe, akaangalia chini. Pembeni ya muguu yake bidon zetu za maji ya kunywa zilikuwa zimepangwa, zimetoka kuchotwa ku ziwa ile ile asubuhi.

Njo kitu rafiki yangu ameniachia, na siipendi: ziwa haimezake kitu. Inatutunzia tu, kama mama mwenye anafunikia chakula batoto benye wamechelewa, na siku tuko na njaa inatuletea ku meza. Tulimuzika kesho yake. Ile sufuria ingali nyuma ya nyumba, tumeifunika na jiwe, na kila mutu akipita anaizunguka.