Udongo Ambao Bibi Hakuuchota

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa kuni, nje kidogo ya Makambako, tulikatazwa kabisa kupiga jembe kwenye uwanja wa ndege wa zamani. Uwanja wenyewe ulibaki jina tu: nyasi fupi na ardhi ngumu, ambayo vijana wa kijiji waliishindilia kwa miguu wakati wa vita ya Wazungu. Mmoja wao alikuwa Yohani, kaka yake bibi. Ndege ilipotua, afisa mmoja alimchukua awe mpishi wake, wakaondoka nayo. Hakurudi, wala habari zake hazikurudi.

Kwetu, aliyepotelea mbali huzikwa kwa udongo. Unakwenda alipokanyaga mara ya mwisho, unamwita jina, unamwaga ulanzi kidogo, ile pombe yetu ya mianzi, kisha unachota udongo ukauzike nyumbani. Ila udongo huo usiwe umeguswa na jembe, maana jembe hufuta nyayo. Bibi alikataa kuuchota miaka nenda miaka rudi. Kuuchota ni kukubali kwamba amekufa, na bibi yangu alikuwa mbishi hata mbele ya kifo.

Uzee ulipomwelemea, jioni moja alituambia, "Kesho nakwenda kumchukua Yohani. Nimechoka kumngoja." Nafasi ikasafishwa makaburini.

Asubuhi nilimshika mkono, ulanzi nimeubeba mimi. Uwanjani tulimkuta baba mdogo, kitinda mimba wa bibi, akiwa na maksai wake. Alikuwa ameshaulima karibu uwanja mzima, hata pale ndege iliposimama. Alidhani bibi akishakubali, mwiko nao umekwisha. Na alikuwa anatabasamu, maskini.

"Kamwene, mama! Nimekulainishia. Ardhi ngumu hivi ungeichotaje?"

Bibi aliyatazama matuta kwa muda mrefu.

"Umeigeuza, mwanangu. Sasa nimwitie wapi?"

Hakumgombeza. Ulanzi tulirudi nao nyumbani, na masika hayakumkuta.

Nimesoma, na najua udongo ni udongo tu. Lakini bado inaniuma, kwa kuwa yule aliyeharibu alikuwa anasaidia, na mwaka mzima ule hakuna aliyemwambia neno la kumfariji. Leo uwanja wote ni miparachichi.

Kila Novemba tunapopalilia makaburi, tunaisafisha na nafasi ya Yohani. Baba mdogo, mzee sasa, hakubali mtu amsaidie hapo. Hupiga magoti akang'oa majani kwa mikono, moja moja. Jembe hataki.